Daftari la Wiki: Kalenda, Ukindu na Nondo za Dirisha

Jumatatu

Binti wa dada yangu na mumewe wamehamia kwao. Naandika "kwao" nikijua ni chumba na sebule vya kupanga huko Mbagala, katika nyumba yenye wapangaji wanne na bomba moja uani. Kodi ya miezi sita imelipwa kwa mkupuo. Kilichobaki kikanunua godoro, jiko la gesi na viti viwili vya plastiki. Leo kanipigia simu sauti imemshuka.

"Shikamoo mama mdogo. Nimetenga shilingi 20,000 za mapambo ya Krismasi. Nimepita Kariakoo, mti wa plastiki nilioupenda unameza hela yote, na bado hauna hata taa."

Nimemwambia asinunue kitu mpaka nifike. Mti ule wa dukani sina ugomvi nao, lakini Krismasi ya kwanza ya watu wawili waliooana juzi ningependa wakiikumbuka baada ya miaka ishirini wakumbuke mikono yao wenyewe, na ya nani mwingine ilikuwepo.

Jioni nimefika. Kuta zimepakwa rangi mpya na baba mwenye nyumba ametoa sharti moja: hakuna msumari. Binti aliona mambo yameharibika hapo hapo. Mimi nikatazama dirisha. Lina nondo, kama karibu kila dirisha la jiji hili, na hakuna msumari unaoweza kushika kamba vizuri kuliko nondo. Kuna fimbo ya pazia pia, inayovuka sebule nzima. Mahali pa kutundikia tunapo.

Jumanne

Tumeanza na kalenda. Kila nyumba inayo moja wakati huu, ya benki, ya duka la vifaa vya ujenzi au ya kanisa, na miezi kumi na mmoja ya kalenda hiyo imeshamaliza kazi. Karatasi yake ni nzito, inang'aa, ina rangi pande zote za picha. Nyumbani kwetu Tukuyu tulipokuwa wadogo, miaka ile bidhaa zilipoadimika madukani, minyororo yote ya Krismasi ilitoka kwenye kalenda na magazeti ya zamani, na mtoto aliyepata kukata picha ya ndege ya abiria alijiona tajiri.

Hesabu ni hii. Ukurasa wa kalenda wenye urefu wa sentimita 42 na upana wa 30 hukatwa vipande vya upana wa sentimita 3, kisha kila kipande hugawanywa katikati. Unapata vipande 28. Kila kimoja hukunjwa pete, pete ya pili hupitishwa ndani ya ya kwanza, na kadhalika. Ukurasa mmoja hutoa mnyororo wa zaidi ya mita moja, kwa hiyo Januari, Februari na Machi zimetosha kuvuka sebule ya mita tatu.

Gundi tumepika. Vijiko viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chai cha maji ya baridi, unakoroga kwanza bila moto ili yasibaki madonge, ndipo unabandika jikoni na kuendelea kukoroga mpaka uji uwe mzito na uanze kung'aa. Unga wa muhogo hushika zaidi. Ila gundi hii ni chakula, na mende wanalijua hilo: mnyororo ukauke juani kabla ya kutundikwa, na masalio yamwagwe siku hiyo hiyo.

Watoto wa wapangaji wenzao walikuja kuchungulia wakaishia kukaa. Mmoja alikataa Julai isikatwe kwa sababu ndio mwezi aliozaliwa. Julai imebaki nzima.

Jumatano

Nimejifunza jambo leo. Chandarua cha duara kilichochanika kilikuwa kimewekwa kando, nikachomoa pete yake ya juu nikasema hii itatufaa kwa shada la mlangoni, tuizungushie majani mabichi na utepe mwekundu. Tulipoitundika, jirani aliyekuwa anapita na ndoo alisimama, akaweka ndoo chini, akauliza taratibu: "Poleni. Nani tena?"

Alikuwa na haki. Kwetu shada la duara huenda makaburini. Watu wanaliona wakati wa mazishi, likiwekwa na ndugu, na wafanyakazi wenzake marehemu, na kanisa. Kulitundika kwenye mlango wa maharusi kumemshtua mama wa watu, nami sikutaka furaha ya nyumba hii ianze kwa kumtia mtu hofu. Tumelishusha. Pete tumeilaza, tukaifunga nyuzi tatu, ikaning'inia kwenye fimbo ya pazia kama sinia hewani, na kutoka kwenye ukingo wake tumeshusha maganda ya mkrismasi.

Mkrismasi ndio ule mti uliowaka mwekundu mitaani sasa hivi. Asili yake ni Madagaska, lakini watu wameupa jina hilo kwa sababu huku kwetu huchanua msimu huu. Msihangaike kukata maua yake, hunyauka upesi. Okoteni maganda ya mwaka jana chini ya mti: makavu, ya rangi ya kahawia, marefu hata kufikia nusu mita, na mbegu zinalia ndani kama kayamba. Upepo ukipita dirishani, sebule nayo inalia.

Alhamisi

Yule jirani wa ndoo leo amerudi. Ni mama mtu mzima, Mwislamu, mpangaji wa chumba cha nyuma, na kazi yake ni kusuka mikeka. Alisikia tunazungumza habari za nyota akaja na chane za ukindu kwapani. "Karatasi itawachosha," alisema. "Kaeni hapa chini."

Tulikaa chini toka saa nne asubuhi mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa. Ukindu unaanikwa kwanza mpaka ukauke na kuwa mweupe, kisha unachanwa kwa ukucha au kisu kidogo uwe na upana ulio sawa. Wenye rangi huchemshwa kwenye sufuria ambayo haitarudi kupika chakula. Pakiti mbili tulizonunua, nyekundu na kijani, zimetosha fungu zima. Kabla ya kusuka unalowanishwa kidogo. Mkavu hukatika, uliolowa sana hulegea ukikauka. Haya yote aliyasema huku vidole vyake vikienda, haviangalii.

Nyota yake ni rahisi. Chane nne, kila moja imekunjwa mara mbili, zinapishana katikati kama kona ya mkeka inavyoanzwa, kisha ncha zinakunjwa kurudi nyuma na kuchomekwa. Binti wa dada yangu alishika haraka kuliko mimi. Nilipomwuliza kapata wapi mikono hiyo, alicheka: kila Jumapili ya Matawi, toka akiwa darasa la tatu, amekuwa akisuka misalaba ya minazi kanisani. Ujuzi alikuwa nao siku zote, hakujua tu kwamba unafaa Desemba pia.

Zimepatikana nyota kumi na moja. Baada ya hapo mama alianza ukili, ule utepe mrefu wa kusuka ambao mwishowe hushonwa ukawa mkeka, nyekundu na kijani na nyeupe, akatuachia tuendelee kwa zamu. Shabaha ilikuwa uzunguke dirisha. Mume wa binti alipotoka kazini jioni alikaa naye akasuka. Mstari wake ulipinda, mama akaufumua, akamrudishia. Akasuka tena. Nimeishi mjini miaka mingi na sijawahi kuona kijana wa umri wake akifundishwa ukili.

Tulimpa mama pesa ya ukindu, 4,000, akapokea. Ya ufundi alikataa kabisa. "Iddi mtakula kwangu," alisema.

Ijumaa

Leo nimefanya langu. Kanisani kwetu kule Rungwe, ambako Wamoraviani walifika mwaka 1891, majira ya Majilio ilitundikwa nyota ya karatasi yenye pembe nyingi, nami utoto wangu wote niliamini imeanguka kutoka mbinguni. Baadaye nikaja kujua imetoka darasani. Miaka ya 1830, katika shule ya wavulana ya Wamoraviani huko Niesky, Ujerumani, nyota hiyo ilitengenezwa kama zoezi la jiometri. Ile kamili ina pembe 25: kumi na saba zenye kitako cha mraba na nane zenye kitako cha pembetatu. Mahali ambapo ya 26 ingekaa ndipo inaponing'inizwa.

Zote 25 ni kazi ya wiki. Tulitengeneza ndogo yake. Chora nyota mbili za pembe tano zinazolingana kwenye boksi jembamba, kama la dawa ya meno au la biskuti. Toka katikati chora mistari kwenda kwenye kila ncha, na mingine kwenda kwenye kila bonde. Ya ncha ikunje itokeze nje, ya mabonde iingie ndani, na nyota bapa itavimba yenyewe. Acha ulimi mwembamba wa gundi kwenye kingo za moja, ziunganishe migongo. Basi. Upande wa boksi usio na maandishi ndio ukae nje.

Niliposhika mkasi vidole vilikumbuka mkunjo kabla yangu, na niliwaza sana juu ya baba yangu.

Jumamosi

Mti umefika kwa pantoni. Mume wa binti anafanya kibarua Kigamboni, akaona tawi la mvinje lililoangushwa na upepo ufukweni, akaomba, akapewa. Watu huudhani mvinje ni msonobari wa pwani. Zile sindano zake si majani, ni vitawi vyembamba vyenye viungo, na majani yenyewe ni magamba madogo kabisa kwenye kila kiungo. Tumelisimika kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, na mchanga unamwagiwa maji kila asubuhi. Likikauka litapukutika na litashika moto upesi, kwa hiyo nimesisitiza: mshumaa usilikaribie.

Nimesisitiza pia habari ya pamba. Binti alitaka kuitawanya juu ya tawi iwe theluji, kama sote tulivyofanya utotoni. Pamba kavu, waya wa taa na joto la Desemba sitaki kuviona pamoja katika chumba wanacholala watu. Alinielewa.

Mishumaa imekaa kwenye vifuu. Nazi za wiki nzima ya wali zimetoa vifuu sita; tumevikwangua nje kwa kipande cha msasa mpaka vikang'aa, tukavipaka tone la mafuta ya nazi. Vinakaa sakafuni kwenye kisahani, mbali na pazia.

Taa za kununua ni uzi mmoja tu, wa wati 5. Kijana aliogopa LUKU. Tulipiga hesabu pamoja: saa nne kila usiku kwa siku 12, kuanzia Krismasi mpaka mkesha wa Epifania, ni wati-saa 240, yaani haifiki hata robo ya uniti moja. Akaziwasha papo hapo.

Matumizi yote: ukindu 4,000, rangi 2,000, mishumaa 1,500, taa 7,000. Jumla 14,500. Zile 5,500 zimekwenda kwenye mchele wa pilau.

Jumapili

Nimepita baada ya ibada kuwaaga. Nyota za ukindu ziko kwenye nondo, na ukiwa kwenye uchochoro unaziona kabla hujaiona nyumba. Ukurasa wa Julai umebandikwa mlangoni kwa ndani.

Ukili wenyewe haujamaliza kulizunguka dirisha, lakini hakuna anayetaka kuukata. Mama wa chumba cha nyuma ameshasema mapambo yakishushwa Januari wampelekee, aushone mkeka, maana sebule yao haina cha kukalia zaidi ya vile viti viwili. Amepima kwa mkono wake, pima baada ya pima, akatikisa kichwa. Bado hautoshi. Nilipoondoka walikuwa wamekaa kibarazani wote watatu, fungu la ukindu katikati yao.