Meseji za Tili Hazihesabu Walioondoka Bila Kununua

Jioni ikifika, wafanyabiashara wengi hufanya jambo moja: wanafungua simu, wanapitia meseji za malipo, wanajumlisha, kisha wanakata shauri. Leo biashara ilikuwa poa. Leo ilikuwa mbaya. Sisi ndio tunaotuma meseji hizo, na tungependa sana kukuambia kwamba zinatosha. Hazitoshi. Meseji ya malipo inamwonyesha aliyelipa peke yake. Yule aliyeingia, akashika shati, akauliza bei, akaona foleni akatoka zake, hayuko kwenye simu yako wala kwenye stetimenti.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya: kabla ya kuomba mkopo wa kuongeza stoki, kabla ya kushusha bei, na hasa kabla ya kumlipa mtu gudwili ili akuachie duka lake, hesabu watu kwanza.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna maduka mawili ya nguo, na kila moja limepata wanunuzi 12 kwa siku. Ukiangalia simu za wenyewe, maduka haya ni mapacha. Lakini duka la kwanza liliingia watu 20, na la pili watu 120. Katika duka la kwanza, kati ya kila watu 10 walioingia, 6 walinunua. Katika la pili, ni mmoja tu.

Mwenye duka la kwanza hana shida ya bei wala ya mali. Shida ni kwamba watu hawalijui duka lake, au hawapiti upande huo. Akishusha bei, atakuwa anawapunguzia wale wale ambao wangenunua hata hivyo. Mwenye duka la pili, watu wanakuja, lakini kuna kitu kinawarudisha nje. Pengine saizi zimeisha. Pengine bei hazijaandikwa na wateja wanaona haya kuuliza. Pengine muuzaji ni mmoja na saa ya msongamano hawezi kuhudumia kila mtu. Huyu akikopa ili aweke bango kubwa barabarani, ataleta watu wengine 50 waje waangalie na waondoke vilevile, na mkopo utabaki kulipwa. Dawa ya mmoja ni hasara ya mwingine, na meseji 12 haziwezi kukuambia wewe ni yupi.

Maduka makubwa yamelijua jambo hili kitambo. Ndiyo maana juu ya milango ya mall na supamaketi nyingi kuna vifaa vya kuhesabu watu. Vile rahisi hutuma mwale wa mwanga usioonekana kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine. Kila ukikatizwa, mtu mmoja anahesabiwa. Udhaifu wake ni kwamba wawili wakiingia bega kwa bega huwa mtu mmoja, na mfanyakazi aliyetoka mara 5 kufuata chai huwa watu kadhaa. Vingine ni kamera zinazoangalia vichwa kutoka juu, na hizo hutofautisha anayeingia na anayetoka. Kuna pia vinavyotegemea mawimbi ya Wi-Fi kutoka kwenye simu za wapita njia. Hivyo tungevichukulia kwa tahadhari, kwa sababu simu nyingi za kisasa hubadilisha namba zinazotangaza zikitafuta Wi-Fi, na simu moja inaweza kuonekana kama watu watatu.

Lakini kibanda cha Gikomba, Kongowea au Kibuye hakihitaji kamera ya juu. Kinahitaji daftari, kalamu na wiki moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari ni lile lile, tunaongeza ukurasa tu. Gawa siku kwa masaa. Kila anayeingia, piga kijiti. Vikifika vitano, funga fungu. Mama aliyekuja na watoto watatu ni mteja mmoja, kwa sababu pochi ni moja. Usijihesabu wewe, wala kijana wa boda aliyeleta mzigo. Wanaolipa pesa taslimu wawekee alama pembeni, maana hao hatuwaoni kwenye tili.

Jioni, fungua stetimenti. Kila malipo yana saa yake. Linganisha: kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, wakati watu wanashuka matatu wakienda nyumbani, waliingia wangapi na walilipa wangapi? Ukiona saa hiyo waliingia 30 wakalipa 4, ilhali asubuhi waliingia 8 wakalipa 5, usikimbilie kuwalaumu wateja wa jioni. Weka mkono wa pili dukani kwa masaa hayo mawili tu. Bandika nambari ya tili kwa herufi kubwa mahali mtu anaweza kuiona akiwa kwenye foleni, alipe bila kungoja kutajiwa. Wiki inayofuata hesabu tena uone kama kuna mabadiliko. Na ukumbuke kwamba wiki ya mwisho wa mwezi na wiki ya katikati hazifanani. Linganisha mwisho na mwisho, kati na kati.

Tunajua kuna watakaosema: "Mimi niko hapa miaka 10, wateja wangu nawajua kwa macho." Ni kweli, unawajua. Lakini macho hukumbuka saa ya fujo na kusahau saa ya ukimya. Pia unawajua wanaorudi. Yule aliyeingia mara moja akatoka bila kusema kitu, utamjua kwa nini?

Mahali kuhesabu kunaokoa pesa nyingi zaidi ni kwenye kutafuta duka jipya. Ajenti atakuambia hapa watu ni wengi. Watu wengi wanaopita si sawa na watu wengi wanaosimama. Njia ya kuelekea steji ina mamia ya watu asubuhi, lakini wote wana haraka ya kazi. Kabla ya kutoa hata shilingi ya gudwili, ambayo mara nyingi hairudi, kaa hapo siku tatu: siku ya kazi, Jumamosi, na ikiwezekana siku ya mvua. Hesabu wanaopita, kisha hesabu wanaoingia katika maduka jirani. Ajenti akikuharakisha eti kuna mwingine anayelitaka duka leo leo, hiyo pia ni habari.

Ukiamua kununua kifaa, nunua kinachohesabu, si kinachotambua. Huhitaji sura ya mtu kujua kwamba ameingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi, na waendeshaji wa CCTV za usalama ni miongoni mwa wanaotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata kama biashara ni ndogo. Mwaka wa 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hali ni hiyo hiyo kwa taarifa za wateja zinazokuja na meseji za malipo: mtu alikupa ili alipe unga, hakukupa ili umtumie matangazo kila Ijumaa.

Na tahadhari moja ambayo hatutachoka kuirudia. Akija mtu kukuuzia kifaa cha kuhesabu wateja, kisha akakuomba PIN yako ati "akiunganishe na tili", mfukuze. Hakuna kifaa cha kuhesabu watu kinachohitaji PIN. Kulinganisha na stetimenti unafanya mwenyewe, mezani pako.

Hesabu hii haitakuletea mteja hata mmoja. Kazi yake ni kukuonyesha pesa yako iende wapi: kwenye bango, kwenye stoki, kwenye mfanyakazi wa jioni, au ibaki mfukoni. Mkopo utakuja kulipwa biashara ikiwa nzuri au mbaya. Wiki moja ya vijiti kwenye daftari ni bei ndogo ya kujua kama unauhitaji.