Karura: Pesa ya geti inaenda wapi?

Julai na baridi yake, unaenda Karura kukimbia. Aprili unarudi na matope hadi magotini, lakini umekaa kando ya Lily Lake na akili imetulia. Poa. Sasa jiulize, nani hulipa walinzi na kutengeneza hizo njia?

Agosti 2025, Shirika la Huduma za Misitu (KFS) liliagiza ada zote zilipwe kupitia eCitizen. Friends of Karura, wanaosimamia msitu pamoja nalo, wakakimbia kortini. Serikali inasema ni uwazi. Sawa, hata mimi nataka uwazi. Lakini daraja la mbao likioza, hiyo pesa itarudi lini kutoka Hazina?

Wangari Maathai alipigwa hapo Januari 1999 akizuia wanyakuzi. Wewe ukiscan tiketi wikendi hii, angalau uliza.