SOKO LA MAGARI: Dizeli rahisi, hesabu ghali

KIGARI kifupi cha dizeli kilichotumika hakikosi mteja kinapotokea sokoni kwa bei ya chini. Mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam anayetafuta gari la mizunguko ya mjini huangalia mambo mawili: bei aliyotajiwa na dalali, na sifa ya miaka mingi kwamba dizeli hula mafuta kidogo. Akishajumlisha hayo mawili huona amepata, hutoa akiba yake au mkopo wa SACCOS, na biashara huisha siku hiyo hiyo.

Hesabu hiyo ni nusu tu. Kwa mtu wa mizunguko ya mjini, dizeli rahisi ya kisasa ni bidhaa isiyomfaa hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa mtu wa barabara kuu, gari hilo hilo laweza kuwa chombo cha faida. Kinachoamua ni safari, na safari ndiyo isiyoulizwa katika yadi.

DIZELI MBILI TOFAUTI

Sifa ya dizeli iliyobaki vichwani mwa wanunuzi ilijengwa na magari ya zamani. Baada ya Serikali kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni mwaka 1984, na hasa katika miaka ya 1990, magari madogo ya Japani yaliingia kwa wingi, mengine yakipitia Dubai. Miongoni mwao ilikuwamo Toyota Starlet yenye injini ya dizeli ya 1N, ya ujazo wa sentimita 1,453. Injini hiyo haikuwa na kompyuta ya kusumbua wala kichujio cha masizi. Fundi wa chini ya mwembe aliifungua na kuifunga. Ilichohitaji ni maji, oili, na mkanda wa taimingi kubadilishwa kwa wakati.

Dizeli inayouzwa sasa ni kitu kingine. Mfano unaojulikana zaidi ni Mazda Demio ya lita 1.5 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2014, na aina hiyo ya Demio ndiyo iliyopata tuzo ya gari la mwaka nchini humo kwa kipindi cha 2014 na 2015. Kwa vipimo vya Japani, gari hilo la gia za mkono lilipimwa kilomita 30 kwa lita moja, na la otomatiki kilomita 26.4. Ni namba za maabara. Foleni ya Ubungo haizitambui. Lakini hata zikipunguzwa kwa theluthi bado zinavutia.

Ndani ya gari hilo kuna turbo, nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Mnunuzi anayelipa kwa sifa ya Starlet ya zamani na kupewa mitambo hii ameuziwa mbuzi kwenye gunia, ingawa gunia lenyewe lilikuwa wazi.

KWA NINI BEI INASHUKA

Sababu ya kwanza iko Japani. Huko kodi ya mwaka ya gari la dizeli huongezwa likishatimiza miaka 11 tangu lisajiliwe, wakati la petroli hupewa miaka 13. Mjapani mwenye dizeli ya mwaka 2014 alifikia ukingo huo mwaka 2025. Juu ya hapo kuna ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili, ambao nao una gharama zake. Kwa hiyo mwenye gari huliachia mapema, na mnada hulipokea.

Sababu ya pili iko bandarini. Kodi za Tanzania zimekuwa zikimwelemea mwenye gari kuukuu: gari la kutembelea lenye miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe limekuwa likiongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30, mbali na ushuru wa forodha na VAT. Mwagizaji anayeona bei ya Yokohama peke yake hushtuka anapoona karatasi ya wakala wa forodha.

Sababu ya tatu iko mjini kwetu, na ndiyo ya kuogopwa zaidi. Gari la dizeli linalouzwa mkononi kwa bei ya chini mno, likiwa tayari na namba za Tanzania, mara nyingi linauzwa kwa kuwa mwenyewe ameshasikia bei ya matengenezo. Anachouza ni gari pamoja na deni lake kwa fundi.

HESABU YA LITA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lifunguliwe basi, kwa mfano wa kawaida, lita moja ya mafuta ikichukuliwa kuwa Sh 3,000/=.

Mwenye duka Kariakoo anayetembea kilomita 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafanya kilomita 780. Gari la petroli likimpa kilomita 13 kwa lita, atatumia lita 60. Dizeli ikimpa kilomita 18, atatumia lita 43 na kidogo. Ameokoa lita zipatazo 17, yaani Sh 50,000/= kwa mwezi, au Sh 600,000/= kwa mwaka.

Fedha hizo si haba. Lakini matengenezo ya mara moja ya Sh 1,800,000/= yanakula akiba ya miaka mitatu. Mnunuzi anayetaka kujua kama kiasi hicho ni kikubwa au kidogo aende Ilala akaulize bei ya nozeli nne, turbo na kichujio kabla ya kulipa, na alinganishe na bei ya vipuri vya IST au Vitz katika duka hilo hilo.

Tena akiba hiyo inategemea bei ya dizeli kutoipita petroli. Zamani dizeli ilikuwa rahisi na watu walizoea hivyo. Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi zimeonyesha kuwa mazoea hayo si sheria: mwaka 2022, mafuta yalipopanda duniani kote, ilikuwako miezi ambayo dizeli iliuzwa Dar es Salaam kwa bei ya juu kuliko petroli.

Sasa achukuliwe mfanyabiashara wa nafaka anayekwenda Morogoro na kurudi mara kwa mara, akifanya kilomita 4,000 kwa mwezi. Petroli kwa kilomita 16 kwa lita itamla lita 250. Dizeli kwa kilomita 24 kwa lita itamla lita 167. Ameokoa Sh 250,000/= kwa mwezi, yaani Sh 3,000,000/= kwa mwaka. Huyu akipata tengenezo la Sh 1,800,000/= bado anabaki na faida mwaka huo huo.

KICHUJIO KISICHOPENDA FOLENI

Ingekuwa ni suala la lita tu, mtu wa mjini angepata faida ndogo na yule wa safari faida kubwa, na kila mmoja angeridhika. Tatizo ni kwamba safari fupi zenyewe ndizo zinazoharibu dizeli ya kisasa.

Kichujio cha ekzosi hukamata masizi. Kikikaribia kujaa, kompyuta huongeza dizeli ili moto wa ekzosi upande hadi nyuzi zipatazo 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji gari liende mfululizo, injini ikiwa na moto wa kutosha. Gari linalotoka Sinza kwenda Kariakoo, likazimwa, likawashwa tena kwenda Buguruni, halifiki hapo. Uchomaji hukatishwa njiani, masizi hubaki, na dizeli iliyoongezwa huteremka kwenye oili. Oili hupanda kwenye kijiti cha kupimia badala ya kushuka, tena ikiwa nyepesi, na injini huanza kujisaga yenyewe.

Mambo haya hayakuanzia Afrika. Mwaka 2018 kampuni ya Mazda iliyarudisha karakana, huko huko Japani, magari mengi ya dizeli pamoja na Demio, kwa sababu ya masizi yaliyokuwa yakijikusanya kwenye valvu za ekzosi. Na Japani imekuwa ikitumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni tangu mwaka 2007. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha sehemu 50 mwaka 2015. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, kwani kabla ya hapo kiwango kilikuwa 500, lakini gari hili halikuundiwa kiwango hicho.

Kuna pia oili. Injini hii huagizwa oili ya majivu machache, ile yenye alama ya DL-1 kwenye dumu. Oili ya lori ni nzuri kwa lori. Kwenye gari hili majivu yake huziba kichujio, na majivu hayachomeki kama masizi. Mwenye kuokoa shilingi elfu chache kwenye oili huzilipa baadaye kwenye kichujio.

Mafundi wengine hutoa jibu la mkato: kichujio kitolewe na kompyuta idanganywe. Gari hupumua kweli kweli, na moshi wake humwendea jirani. Lakini siku ya kuliuza, mnunuzi mwenye macho hulishusha bei, na siku sheria za moshi zitakaposimamiwa kwa ukali gari hilo litakuwa mzigo.

HESABU YA DEREVA

Wawekezaji wadogo wanaonunua gari na kumkabidhi dereva wa teksi ya mtandao kwa hesabu ya wiki wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Dereva huvuna unafuu wa mafuta, kwa kuwa ndiye anayeyanunua. Mwenye gari hubakiwa na turbo, nozeli na kichujio. Taa ya tahadhari ikiwaka Jumatatu, dereva atamaliza wiki yake kwanza. Katika mkataba wa namna hiyo dizeli huhamisha faida kwenda kwa mmoja na hasara kwenda kwa mwingine.

Isitoshe, gari la petroli lina mlango wa pili ambao dizeli ndogo haina. Dar es Salaam magari mengi madogo ya petroli yamefungwa mitungi ya gesi asilia, na kilo moja ya gesi hiyo imekuwa ikiuzwa karibu nusu ya bei ya lita ya petroli. Foleni kwenye vituo vya gesi ni ndefu, na kufunga mfumo kuna gharama yake. Hata hivyo injini ya petroli ina plagi za kuwasha gesi. Ya dizeli haina, na kuibadilisha si kazi ya gari dogo. Anayenunua dizeli kwa ajili ya mjini anajifungia nje ya mafuta yaliyo rahisi kuliko yote mjini humo.

Uuzaji nao una uzito wake. IST au Vitz nzuri hupata mteja haraka, na mwenye shida ya fedha hulitegemea gari lake kama akiba. Dizeli ndogo husubiri mtu anayeijua, na anayeijua hulipa kidogo.

ANAYEFAA KUNUNUA

Mwenye safari ndefu na za mara kwa mara, anayejaza mafuta kwenye kituo anachokiamini na aliye tayari kununua oili inayotakiwa, asiogope. Lakini apime gari kabla ya kutoa fedha.

Aende asubuhi, injini ikiwa baridi. Akikuta imeshapashwa moto, arudi siku nyingine. Apitishe kidole ndani ya bomba la ekzosi: penye kichujio kizima bomba huwa karibu safi, na masizi meusi mazito huonyesha kuwa kichujio kimepasuka au kimeondolewa. Achomoe kijiti cha oili. Oili ikiwa juu ya alama ya mwisho na ikinuka dizeli, aliache gari hapo hapo. Alipie fundi mwenye mashine asome kompyuta, aone masizi yamefikia wapi na uchomaji umekuwa ukikatishwa mara ngapi. Mwisho aliendeshe nusu saa barabara kuu, kwani mzunguko mmoja wa yadi hauonyeshi kitu.

Muuzaji anayekataa vipimo hivyo amekwisha kutoa jibu.

Na yule wa kilomita 30 kwa siku? Anunue petroli ndogo isiyo na makuu, hata kama italazimu kuongeza fedha kidogo au kukubali gari lenye rangi iliyopauka. Mtaji wa duka hauna sababu ya kulala gereji ukisubiri nozeli. Dalali atamwambia kwamba dizeli ile ni rahisi, na kwa siku ya kununua atakuwa amesema kweli.