*TAARIFA YA TAWI: DAFTARI LA WAPANGAJI LIANZE KWETU*



Katika vikao vya mashina malalamiko ni yale yale. Mpangaji amelipa kodi ya miezi sita, mwezi wa tatu anaambiwa atoke, na mkononi hana karatasi. Mwenye nyumba naye anaamka anakuta mpangaji kahama usiku na deni, na hata jina lake kamili halijui.

Wengi bado wanadhani lipo baraza la kodi za nyumba la kukimbilia. Halipo. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mgogoro ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakamani, kinachokutetea ni mkataba wa maandishi na risiti.

Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilizipa nyumba namba. Lakini namba ya mlangoni haisemi nani analala ndani. Hiyo ndiyo kazi ya daftari la wakazi kwa mtendaji wa mtaa.

Tunajua hofu ya wenye nyumba: "Nikiandikisha wapangaji, watanifuata na kodi." Tuambiane ukweli. Kodi ya mapato ya pango ipo kisheria, uandikishe usiandikishe. Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye nyumba, ila kwenye mita ya kuchangia anakatwa yule anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo. Mara nyingi ni mpangaji, na harudishiwi.

Tena, daftari bila ukaguzi ni orodha ya majina tu. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya uwezo wa kukagua makazi. Vyumba kumi kwa choo kimoja kilichojaa, masika yakishuka, ni ugonjwa wa mtaa mzima.

*Msimamo wa tawi:*

1. Viongozi wa tawi na mashina wenye nyumba za kupangisha tuanze sisi. Hatuwezi kumhimiza jirani wakati wapangaji wetu hawajaandikwa.

2. Mwanachama mwenye nyumba: toa mkataba na risiti. Ile 1,500 ipunguzwe kwenye kodi ya mpangaji aliyekatwa.

3. Mwanachama mpangaji: jiandikishe ukihamia, toa taarifa ukihama. Usiondoke kimya kimya.

4. Tunaomba ratiba ya ukaguzi itangazwe mapema, na kasoro ziandikwe pamoja na muda wa kurekebisha. Ukaguzi usigeuke mradi wa mtu. Ukiombwa hela isiyo na risiti ya serikali, usitoe. Leta taarifa tawini.

Najua hoja hii itawaudhi baadhi yetu, maana ndani ya tawi hili wamo wenye nyumba na wamo wapangaji. Ndiyo sababu tunaisema hapa kwanza, kabla hatujaipeleka kwenye mkutano wa mtaa.

Mwenye swali afike ofisi ya tawi Jumamosi, saa kumi jioni. Msomee na jirani asiye na simu janja.

*Katibu Mwenezi*
*Tawi la Kijenge, Arusha*