Kilo za mkulima zisipotelee katika kompyuta

Kila chama cha ushirika au kiwanda kinapopata mtambo mpya wa kompyuta, wakubwa hukata utepe na kupigiwa makofi. Nadra kuulizwa jinsi kumbukumbu za zamani zitakavyohamishwa, na nani atakayezikagua.

Swali hilo lamhusu mkulima wa majani chai wa Mogogosiek, kule Konoin. Yeye hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni, kisha hungojea bonasi, ambayo huhesabiwa kwa kilo za mwaka mzima. Karo ya watoto hutoka humo.

Taasisi nyingi kongwe duniani ziliweka hesabu zao kwa COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1959. Lugha hiyo ingali hai: mwezi Aprili 2020, Phil Murphy, gavana wa New Jersey, aliomba hadharani wataalamu wake wajitokeze, watu waliopoteza kazi walipofurika kuomba malipo.

Sasa, faili ya COBOL haijielezi. Ni msururu wa herufi na tarakimu, na maana yake imo katika waraka mwingine, yaani ramani ya rekodi: nafasi hizi ni nambari ya mkulima, zile ni kilo. Hata nukta ya desimali kwa kawaida haimo katika faili. Ramani ndiyo isemayo ilipo. Tarakimu 0012350 zaweza kuwa kilo 123.50. Programu ya kuhamisha data ikilishwa ramani yenye kasoro, itasoma kilo 12,350 bila kusita.

Kosa kubwa kama hilo hushtua, likarekebishwa. Mimi nahofia yale ya kimyakimya. Ramani ikisahau kutaja kwamba nambari fulani ina alama ya kutoa, deni la mbolea laweza kusomwa kama akiba. Zipo pia nambari zilizobanwa, tarakimu mbili katika baiti moja; fundi mwenye pupa akigeuza faili nzima kuwa maandishi kabla ya kuisoma kwa ramani, huzivuruga zote. Na mara nyingi ramani yenyewe imo kichwani mwa afisa aliyestaafu zamani!

Wataniambia kwamba ukaguzi ni gharama. Naam, ni gharama. Lakini mkulima asiyejua kompyuta asitozwe kosa la anayeijua. Mtambo wa kale usizimwe mpaka ule mpya umekokotoa bonasi ya mwaka uliopita na kupata jibu lile lile, mkulima kwa mkulima, si jumla ya kiwanda tu, maana ziada ya huyu yaweza kuficha upungufu wa yule. Kisha kila mkulima apewe karatasi ya hesabu zake zilizohamishwa, ailinganishe na zile stakabadhi za kituoni alizozitunza sandukuni, kabla ya yeyote kutia sahihi kwamba kazi imekwisha.