Tuliezeke Paa la Baba

Masika hayapigi hodi. Kila mwaka yanapoingia Dar es Salaam, nyumba nyingi za Kiswahili kule Temeke, Buguruni na Manzese, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, huanza kutoa siri zao. Sufuria zinatandazwa chini ya matone, kenchi zinaoza, lipu inavimba na kudondoka. Ukiuliza mbona haziezekwi upya, utaambiwa hakuna fedha. Nami nasema kwamba mara nyingi kinachokosekana kwanza si fedha, ni mwenye nyumba.

Tazameni nyumba ya urithi. Baba amefariki, ameacha watoto watano. Mmoja anaishi humo, mwingine anapokea kodi ya wapangaji, watatu wako mbali. Leseni ya makazi ingali na jina la marehemu. Nani atakopa? Marehemu hakopesheki. Anayeishi humo naye hujiuliza kwa nini atoe chake kwa nyumba ambayo kesho ndugu watataka iuzwe. Tundu lililohitaji bati moja linaachwa miaka, mpaka linadai paa zima.

Basi mlango wa kwanza wa msaada ni kikao cha familia. Kaeni, mpendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mwende mahakamani athibitishwe. Kwa wengi wetu hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Wako watakaosema mirathi huleta ugomvi. Ndugu zangu, ugomvi mnao tayari, umelala tu chini ya bati. Ukuta ukianguka utaamka, na hapo mtagombea kiwanja kitupu.

Mlango wa pili ni kodi yenyewe. Katika mji huu mpangaji hulipa kwa mkupuo, miezi mitatu, sita, hata mwaka. Fedha hiyo ikigawanywa kwa watu watano inaishia sokoni. Ikiwekwa pamoja inanunua mbao, mabati na misumari. Ezekeni upande mmoja mwaka huu, na wa pili mwakani. Fundi mwaminifu hatakataa kazi kwa kuwa ni ya awamu.

Fedha hiyo isipotosha, ndipo tukakope, na tukope kwa watu wanaotujua. Katika SACCOS mkopo hupimwa kwa akiba ya mwanachama na wadhamini wake. Katika VICOBA hupimwa kwa hisa. Ndiyo maana asiyejiunga wakati wa kiangazi asishangae kukosa wakati wa mvua. Ziko pia benki na taasisi ndogo za fedha zinazokopesha kwa ajili ya kukarabati nyumba. Nendeni na makadirio ya fundi yaliyoandikwa, siyo maneno matupu. Ama ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hiyo ni ya kuzalisha mali. Ukiipandisha paani kwa udanganyifu, utawanyima wenzako mtaji.

Lakini kimbieni kausha damu! Mkopo unaotolewa kwa dakika tano na kudaiwa kila siku hauezeki nyumba. Unabeba godoro, televisheni na hatimaye heshima. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Ulizeni leseni hiyo kabla ya kutia saini. Na kama dhamana ni nyumba mnayoishi mume na mke, mmoja asiiweke rehani kwa siri, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda makazi ya familia: hayawekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Wazee wetu walijenga nyumba hizi kidogo kidogo, leo msingi, mwakani kozi tatu za tofali, huku wakijinyima kanzu mpya ya Idi au suti ya Krismasi. Hawakungoja wapate zote. Sisi tuliokuta milango na madirisha tunashindwaje na bati? Mvua za vuli zikikatika, jua likikausha kuta, itaneni. Aliye mbali apigiwe simu, anayepokea kodi aje na daftari, anayeishi humo awaonyeshe panapovuja. Tundu likijulikana na mwenye dhamana akijulikana, fedha ya kulizibia itakuwa na mahali pa kuingilia.