Mkimya wa Olympic Si Mwendawazimu

Katika Kibera mtu hujulikana kwa salamu zake. Apitaye Olympic bila kumjulia mtu hali, akajifungia jioni asionekane hadi asubuhi, hupewa majina upesi: ana maringo, ana siri, amerogwa. Nathubutu kusema kwamba baadhi yao hawana hata moja kati ya hayo.

Wataalamu wa nafsi huiita hali hii haiba ya kiskizoidi. Isichanganywe na skizofrenia, kwani mwenye haiba hii hasikii sauti zisizokuwapo. Huenda kazini, hulipa kodi ya nyumba, ila hukaa mbali na watu. Daktari Ronald Fairbairn wa Scotland alieleza mnamo 1940 kwamba ubaridi huo ni wa nje tu. Ndani mna njaa kuu ya kupendwa, pamoja na hofu kwamba mapenzi yake mwenyewe yatamwangamiza ampendaye. Harry Guntrip, ambaye Fairbairn alimtibu, alionyesha katika kitabu chake cha 1968 jinsi mtu huyo anavyosogea karibu, akakimbia, kisha akasogea tena.

Hakuna kidonge kijulikanacho kubadilisha haiba. Kuna mazungumzo, nayo yataka mshauri mvumilivu, asiyedai siri juma la kwanza wala kukasirika anayehudumiwa akinyamaza nusu saa, au asipofika baada ya siku aliyofunguka. Aghalabu kukosa huko ni dalili kwamba jambo limeguswa. Kumburuta kwenye kesha la maombi, au kumtafutia mke ili achangamke, ni kumfukuzia mbali zaidi.

Taabu ni mahali pa kuzungumzia. Vyumba vingi vya Kibera ni vya futi 10 kwa 10, kuta za bati au udongo, na jirani husikia hata kikohozi. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, iko upande wa pili wa jiji, na jina lake pekee humtia mtu haya. (Mkimya wetu akionekana huko, atahama mtaa.)

Jopo la Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe janga la taifa, na sheria ya afya ya akili ikarekebishwa mwaka 2022. Ni hatua njema. Mimi naiomba serikali ya kaunti jambo dogo: katika kila zahanati ya Kibera kuwe na chumba kimoja chenye mlango ufungikao, na mshauri yuleyule kila juma. Mtu wa aina hii akibadilishiwa mshauri mara mbili, ni shida kumwona tena.